Mvua ya wimbo wa tatu iacheni

Swali: Fundi, shikamoo. Naandika kutoka Nyakato, Mwanza. Mwaka 2001 mimi na wenzangu watatu tulirekodi kanda moja ya nyimbo nane kwa fedha zetu wenyewe: magitaa mawili, besi na dramu. Haikuwa dansi kamili wala rock kamili, wazee mtaani walisema tunapiga kelele. Msambazaji hatukuwa naye. Tulidabu kanda kama mia mbili tukaziuza mkononi. Ajabu ni kwamba hadi leo kuna watu wanaziimba nyimbo zile mwanzo mwisho, na mwaka huu kanda inatimiza miaka 25. Kundi la mashabiki la WhatsApp linatusukuma tuiadhimishe. Mwimbaji wetu ametangulia mbele za haki. Mpiga solo yuko Geita na hataki kusikia habari zetu, kwa sababu jina lake halikuandikwa kwenye kava. Masta, yaani rekodi ya asili, ilipotea, zimebaki kanda mbili tu. Tunafikiria turekodi upya na kijana mmoja mwenye sauti inayofanana na ya marehemu. Mwingine anasema atamrudisha marehemu kwa akili mnemba. Pia wimbo wa tatu una mvua, ilinyesha juu ya bati tukiwa tunarekodi, na tungependa iondolewe. Tuanzie wapi?

Jibu: Marahaba, ndugu yangu, na poleni kwa mwimbaji wenu.

Naanza na mvua, maana ndiyo iliyonifanya niache kazi ya mteja mezani nikujibu wewe kwanza. Msiiondoe. Wewe unaisikia kama kosa kwa sababu ulikuwepo, unakumbuka mlivyotazamana mkiulizana kwa macho kama mkate au mwendelee. Shabiki hakuwepo. Yeye aliusikia wimbo na mvua yake siku ya kwanza, akausikia hivyo hivyo mara ya mia, na kwake mvua ile ni mpigaji wa tano. Mpeni wimbo mkavu, atawaambia mmeuharibu hata kama hajui kilichopungua ni nini. Na mtu wa Mwanza hahitaji kufundishwa mvua ya ziwani inavyoingia: upepo kwanza, mlango unajibamiza, halafu bati zinapokea zote kwa pamoja. Kama kanda yenu imekamata hayo, wenzenu wa studio za kisasa wanayatafuta kwa fedha na hawayapati.

Sasa hilo la mvua ndilo jibu langu kwa mengine yote. Mnachoadhimisha ni ile kanda. Nyimbo nane mnaweza kuzipiga kesho, mkazipiga vizuri kuliko mwaka 2001, lakini hiyo itakuwa kazi nyingine ya watu wengine walio na umri mwingine. Wapo wanaorekodi upya kwa sababu za msingi. Taylor Swift wa Marekani alizirudia albamu zake kadhaa kwa kuwa masta za zamani zilikuwa mikononi mwa watu wengine. Ninyi hamna mgogoro wa namna hiyo, kanda mlilipia wenyewe. Huyo kijana mwenye sauti ya marehemu msimfukuze, nitamrudia chini. Studio ndiko nisikomtaka.

Kuhusu akili mnemba, kuna mambo mawili ambayo watu wanayachanganya. La kwanza ni kutenganisha: programu inasikiliza rekodi na kuitoa sauti ya mtu pembeni, magitaa pembeni, ngoma pembeni. Beatles walifanya hivyo kwenye wimbo waliotoa Novemba 2023. Sauti ya John Lennon, aliyeuawa mwaka 1980, ilikuwa kwenye kaseti aliyojirekodia nyumbani akiwa na piano, na piano ilikuwa imeifunika. Programu ikaitoa sauti, wenzake wakapiga vyombo. Sauti ile ni yake mwenyewe, aliimba kwa koo lake. La pili ni kutengeneza: mashine inafundishwa sauti ya marehemu kisha inaimbishwa maneno ambayo hakuyaimba, kwa pumzi ambayo hakuivuta. Hilo mimi sifanyi, na sikushauri ulipie. Fikiria mama yake au watoto wake wamekaa mstari wa mbele ukumbini.

Hata kutenganisha, kwa kanda yenu, nakuomba subira. Kaseti ina mvumo, na programu zile zikikutana na mvumo hukata na visivyotakiwa kukatwa: mwisho wa neno, mkia wa simbali, na bila shaka mvua yenyewe. Matokeo yake ni sauti yenye majimaji, kama mtu anayeimba ndani ya pipa. Fanyeni kwa majaribio, kwenye nakala, baada ya kazi ya kwanza kukamilika.

Kazi ya kwanza ni kuzihamisha kanda hizo mbili kwenye kompyuta kama zilivyo. Kabla ya tamasha, kabla ya fulana, kabla hata ya kikao cha pili. Na naomba usizijaribu kwenye redio ya mezani iliyokaa stoo miaka kumi. Mimi mwenyewe, na miaka yangu yote kwenye kazi hii, niliwahi kuweka kanda ya harusi ya watu kwenye deki niliyokuwa sijaifungua muda mrefu. Mpira unaobana mkanda ulikuwa umelainika ukanata kama ubani, ukaimeza kanda kwa sekunde nne. Mkanda ulitoka umekunjamana kama utumbo wa sangara. Niliunyoosha kwa vidole usiku kucha, na mpaka leo hotuba ya baba mzazi ina mtetemo pale katikati.

Inavyofanyika ni hivi. Kanda inatazamwa kwanza kwa macho kwenye mwanga. Kama pembeni mwa mkanda kuna unga mweupe, hiyo ni kuvu, na huku kwetu unyevunyevu wa ziwa unaifuga. Usiipige kabla haijasafishwa, itahamia kwenye deki na kanda zote zitakazofuata. Halafu natazama kile kisponji kidogo kilicho katikati ya mdomo wa kaseti, juu ya kibati chembamba cha shaba. Kazi yake ni kuukandamiza mkanda kwenye hedi, kile kichwa cha deki kinachousoma mkanda. Kwa umri wa kanda yenu gundi yake huwa imekauka, kisponji kimedondoka kinagongagonga humo ndani, na mtu anadhani kanda imekufa kumbe imepoteza kisponji tu. Kaseti yenye skrubu tano inafunguliwa kwa bisibisi ndogo ya nyota, mkanda unahamishiwa kwenye ganda zima, mchezo umekwisha. Iliyogandishwa kwa gundi inabidi ipasuliwe kwa wembe, na hapo mkono usitetemeke. Kwanza kabisa, vile vijino viwili vya mgongoni mwa kaseti, kama bado vipo, vivunjeni leo hii, asije mtu akabonyeza pa kurekodi kwa bahati mbaya.

Hedi na njia ya mkanda nasafisha kwa spiriti na pamba kila upande unapokwisha, si mara moja kwa siku. Kisha linakuja jambo ambalo mafundi wengi wa mtaani wanaliruka, nalo ndilo linalofanya kanda za zamani zisikike kama zimefunikwa blanketi. Mkanda wa kaseti haufiki hata milimita 4 kwa upana, na humo zimepangwa njia nne, mbili za upande A na mbili za upande B. Unapita mbele ya hedi kwa sentimita 4.76 kila sekunde, mwendo wa pole sana. Hedi ya deki iliyodabu kanda zenu mwaka 2001 ilikuwa imesimama kwa pembe yake, huenda imelala kidogo kushoto. Deki yangu nayo ina pembe yake. Zikitofautiana unywele mmoja tu, sauti za juu zinapotea: simbali, meno ya gitaa, herufi za "s" na "sh" za mwimbaji. Pembeni ya hedi kuna skrubu ndogo. Naunganisha kushoto na kulia kuwa sauti moja, naipiga kanda, naizungusha skrubu polepole kama mtu anayetafuta stesheni, mpaka simbali zifunguke. Zinapofunguka utajua, huhitaji kipimo. Nimeshaona mzee anafuta machozi pale skrubu ilipofika mahali pake, na kanda ni ile ile aliyoisikiliza miaka yote.

Narekodi kwa biti 24 na sampuli 96,000 kwa sekunde, faili la WAV, bila kusafisha chochote. Nyimbo nane za dakika arobaini hivi hazifiki hata GB 2, flashi yoyote inabeba. Faili hilo haliguswi. Mnalinakili mara tatu, na nakala moja isikae nyumba moja na nyingine. Usafi wowote unafanywa kwenye nakala.

Mwendo nao usiuache. Kaseti nyingi za wakati ule zinakwenda mbio au zinavuta miguu kuliko ilivyopigwa, kwa sababu kila deki ilikuwa na mwendo wake. Unajuaje mwendo sahihi wakati masta haipo? Tazama muungurumo. Kama mlirekodi kwa umeme wa gridi, magitaa yenu ya umeme yameacha mlio mdogo wa chini, ule unaosikika kati ya wimbo na wimbo. Umeme wetu ni wa mizunguko 50 kwa sekunde. Programu ya bure kama Audacity itakuonyesha mlio huo umesimama wapi. Ukiuona kwenye 51.5, kanda inakwenda mbio kwa asilimia 3, karibu nusu ya hatua moja ya kinanda. Unapunguza mwendo wenyewe, sio noti peke yake, mpaka mlio urudi 50, na kila kitu kinakaa mahali pake: mapigo, sauti ya marehemu, hata mvua. Mpiga besi wenu anaweza kuhakikisha: waya wake mnene ukipigwa wazi, kama mlikuwa mmetyuni kawaida, unalia kwenye 41.2. Angalizo ni kwamba siku ya kurekodi kama mlikuwa kwenye jenereta, muungurumo hauaminiki. Basi tegemea besi.

Kanda mbili ni chache. Itisheni nyingine kwenye hilo kundi la WhatsApp, ila msiombe kwa mashabiki sugu, maana shabiki wenu mkubwa kuliko wote ndiye mwenye kanda mbovu kuliko zote. Ameichezesha mpaka imekuwa nyembamba. Anayetakiwa ni yule aliyenunua kwa kuwaonea huruma pale stendi, akaitupa kabatini, hakuisikiliza tena. Ulizieni Ukerewe, Sengerema, Musoma, Bukoba. Na ulizeni kila kanda ilidabiwa kutoka wapi, kwa sababu kopi ya kopi huongeza mvumo kila hatua. Kanda iliyotoka moja kwa moja kwenye masta, hata ikiwa imechakaa ganda, inaishinda nzuri iliyotoka kwa rafiki wa rafiki.

Kusafisha: toeni vishindo na mikwaruzo, inueni kidogo pale palipozama, mvumo upunguzeni bila kuumaliza. Msikubali fundi aibane sauti mpaka iwe tofali. Mitandao mingi ya kusikilizia muziki husawazisha nyimbo zote zilingane, Spotify kwa kawaida iko kwenye LUFS -14 (LUFS ni kipimo cha ukubwa wa sauti), kwa hiyo anayepiga kelele anashushwa tu, na kilichobanwa hakirudi.

Sasa Geita.

Ndugu yangu, hili ndilo zito kuliko kanda, na umeliandika kwa sentensi moja. Mtu amekaa miaka 25 na jina lake halipo kwenye kava ya kitu kinachoimbwa hadi leo, kitu ambacho bila solo yake kingekuwa maneno na ngoma. Usimpigie simu, wala usimtumie ujumbe wa "tunakuomba ushirikiano". Nenda. Foleni ya kivuko Kigongo siku hizi si kisingizio, daraja la Kigongo–Busisi lilifunguliwa Juni 2025. Nenda ukiwa umeshahamisha kanda, na ukiwa na headphone nzuri. Kava mpya iwe imechapwa kwenye karatasi moja ya majaribio, jina lake likiwa mahali pake, kwa herufi sawa na zenu. Muwekee wimbo ambao solo yake ndiyo inaongoza. Halafu unyamaze. Kama atakuwa na la kusema kuhusu mwaka 2001, mwache aseme mpaka mwisho, hata akikosea tarehe.

Nasema hivi pia kwa sababu ya sheria. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Waliotunga kwa pamoja, miaka hiyo huhesabiwa kuanzia kifo cha wa mwisho wao. Na mpigaji asiyetunga neno hata moja naye ana haki zake kama mtumbuizaji, ndiyo maana ya hakishiriki. Kwa hiyo marehemu bado ana sehemu, inakwenda kwa warithi, na wa kuzungumza naye ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, sio mjomba aliyejitokeza msibani kwa sauti kubwa. Kaeni wanne, yaani ninyi watatu na upande wa marehemu, muandike karatasi: nani alitunga maneno, nani muziki, fedha ikija inagawanywaje. Mkishaweka sahihi, zisajilini nyimbo COSOTA, Ofisi ya Hakimiliki Tanzania. Baada ya hapo ndipo mpandishe YouTube au Boomplay. Mkipandisha kabla, mtashangaa kukuta kuna mtu alishazipandisha kwa jina lake, na kuthibitisha kwamba wimbo ni wenu bila karatasi ni kazi ya miezi.

Tamasha lenyewe ni rahisi kuliko mnavyodhani. Bendi za rock zina desturi ya kuipiga albamu nzima kwa mpangilio wake siku ya maadhimisho, na ina hatari moja: kila mtu anajua kinachofuata. Pixies wa Boston walipoadhimisha miaka 20 ya albamu yao ya 1989 walianza onyesho kwa nyimbo za pembeni za kipindi kile, zile ambazo hazikuingia kwenye albamu, ndipo wakaingia wimbo wa kwanza. Ukumbi ulikuwa umeshapata kiu. Ninyi mlikuwa na nyimbo ngapi zilizoachwa nje ya zile nane? Anzeni na hizo mbili tatu. Kisha upande A, mnapumzika, soda zinauzwa, upande B. Mapumziko mnayo tayari, kaseti ilishawapangia.

Kijana mwenye sauti ya marehemu apande jukwaani, lakini aimbe kwa sauti yake, asiigize. Na wimbo mmoja, ule unaopendwa kuliko yote, pigeni vyombo tu bila mwimbaji. Kipaza sauti kisimame peke yake. Ukumbi utaimba, sina wasiwasi na hilo.

Ukumbi uwe mdogo. Watu 150 wamebanana ni sherehe, watu 150 kwenye uwanja wa elfu mbili ni kikao. Kibali cha tukio mnapita kwa afisa utamaduni wa halmashauri mapema, sio wiki ya mwisho. Na tarehe msiichague kwa kalenda ya ukutani peke yake. Uliniambia mliuza kanda mkononi, na najua mkono wa Mwanza unafika Mwaloni, Igombe na Kayenze. Wavuvi wa dagaa wanafanya kazi usiku wa giza, taa zao zinavuta dagaa pale mwezi usipokuwepo. Mwezi mpevu ukiwaka wanapumzika, wako nchi kavu, na mfukoni kuna chochote. Wekeni Jumamosi iliyo karibu na mwezi mpevu. Nje ya hapo mtawaimbia watu wa mjini tu, na wengine wenu wataonekana kama taa za mbali ziwani.

Mambo ya kuuza, msipoteze fedha kutengeneza kaseti mpya. Ni nzuri kwa kumbukumbu ila wengi hawana pa kuzichezea. Flashi ndogo ndani ya kava ya karatasi iliyochapwa kama ile ya zamani, majina manne, maneno ya nyimbo nane, na pembeni ya wimbo wa tatu mstari mmoja: nani alirekodi, mtaa gani, mvua ilinyesha.

Kanda msizitume kwa basi. Buti la mizigo hupata joto kama tanuri, na ndani kuna spika zenye sumaku kubwa. Mtu mmoja aziweke begani, kila moja kwenye kasha lake, zikiwa zimerudishwa nyuma mpaka mwanzo wa upande A. Kama kasha limevunjika, mfuko wa nailoni mkavu unatosha. Redio msiiwashe kujaribu hata dakika moja. Na kava ya zamani ije pia, hata ikiwa imechanika, nataka kuona mlivyoyapanga hayo majina matatu ili tujue la nne litakaa wapi.